Mgeni wa Miaka Miwili Apewe Nini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii twaipenda sana huku pwani, na kila watu waliokimbia vita wanapoingia mitaani mwetu hakosi mtu wa kuitoa. Sina ugomvi nayo. Mtu mzima mwenye nguvu zake hapendi kulishwa kama kinda la ndege, na kumpa jembe ni kumrudishia heshima yake. Lakini wahenga walikuwa wakimsema mgeni awezaye kushika mpini. Je, huyu mgeni wa miaka miwili, aliyefika mgongoni mwa mamake hali amelala kwa uchovu, siku ya tatu apewe nini?

Wengi watajibu haraka kuwa apewe uji. Naam, apewe uji, tena upesi. Ila mimi nasema uji peke yake haumtoshi, na kwamba ulezi wa mtoto mdogo ni msaada kamili kama unga ulivyo msaada. Wafaa ufike siku ile ile lori la unga linapofika, usingoje mwaka upite na mahema yageuke vibanda. Na wa kuutoa ulezi huo wamo humo humo miongoni mwa hao waliokimbia, wakisaidiwa na sisi majirani zao.

WALIOTUJIA KWA BAHARI

Jambo hili si la mbali nasi. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Mogadishu, maelfu ya watu walikimbilia Kenya. Wengine walivuka mpaka kwa miguu, na wengine walipanda majahazi na mashua wakashuka Lamu, Malindi na Mombasa. Miongoni mwao walikuwamo Wabarawa, ambao Chimwini chao twakielewa tukitega sikio vyema, na Wabajuni wa Kismayu na visiwa vyake, ambao ni ndugu wa damu wa Wabajuni wetu wa Faza na Kizingitini. Hawa hawakuwa wageni wa kuulizwa kabila. Baadhi yao walipata jamaa wa kuwapokea majumbani, na wengine waliishi katika makambi kama Utange na Jomvu karibu na Mombasa, na Marafa upande wa Malindi.

Wakati huo huo, kati ya 1991 na 1992, kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na mji wa Dadaab, zikakadiriwa kuchukua watu 90,000. Makambi ya pwani yalifungwa kabla miaka ya 1990 haijesha, na wengi waliokuwamo wakahamishiwa Dadaab na Kakuma. Watu waliozoea upepo wa bahari na samaki wa asubuhi wakaanza maisha mapya kwenye vumbi. Kufikia 2011, kwa vita na ukame, Dadaab ilikuwa na watu wanaokaribia nusu milioni. Leo, miaka zaidi ya 30 tangu kufunguliwa, wapo waliozaliwa kambini ambao nao wameshazaa kambini.

Wala tusidhani kuwa kukimbia ni kwa watu wa ng'ambo tu. Agosti 1997 tuliwaona jirani zetu wa Likoni wakibeba magodoro na watoto. Juni 2014 ilikuwa zamu ya Mpeketoni, na Julai 2017 Waboni wa Pandanguo waliacha kijiji chao wakakimbilia upande wa Witu. Ukiutazama ulimwengu mzima, Umoja wa Mataifa ulihesabu watu milioni 123.2 waliokuwa wamefukuzwa makwao na vita na mateso ilipofika mwisho wa 2024, na kama 40 katika kila 100 ya hao walikuwa watoto. Sudan, ambako vita vilizuka Aprili 2023, na Gaza tangu Oktoba 2023, zimeongeza hesabu hiyo kwa kiasi cha kutisha.

KILICHOMO NA KISICHOMO KWENYE GUNIA

Siubezi mgao wa chakula, na mtu asinisome vibaya. Njaa iliyotangazwa kusini mwa Somalia Julai 2011 ilikuwa ni msiba mkubwa. Uchunguzi uliotolewa 2013 ulikadiria kuwa watu 258,000 walikufa kwa njaa na shida zake kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mwaka 2025, baada ya Marekani kulivunja shirika lake la misaada la USAID, mgao wa wakimbizi hapa Kenya ulikatwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachotakiwa. Mwenye kusema kuwa chakula si muhimu hajapata kulala na njaa.

Ninalolalamikia ni namna ya kuhesabu. Mgao huhesabiwa kwa vichwa na kwa kilo: unga kiasi hiki, maharagwe kiasi hiki, mafuta, chumvi. Katika hesabu hiyo mtoto wa mwaka mmoja ni kichwa kimoja tu, tena kichwa kisichosema. Hakuna anayeuliza ni nani anayemshika mamake anapopanga foleni ya maji. Hakuna anayeuliza ni nani anayezungumza naye mchana kutwa.

Tukumbuke jinsi mtoto anavyopokewa kwetu katika amani. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mamake na mashangazi humkanda kwa maji ya moto, humpikia, humchukulia mtoto ili alale, na majirani huingia na kutoka. Mtoto hupitishwa paja hili hata lile, kila mmoja akimwimbia la kwake, na hata kabla hajaota jino amekwisha kusikia maelfu ya maneno. Sasa mtazame mzazi huyo huyo kambini. Mama yake amebaki Kismayu au amekufa njiani. Siku ya saba tangu kujifungua yeye yuko kwenye foleni. Katika miaka ya 1990 wanawake wa Dadaab waliokwenda kutafuta kuni porini walishambuliwa na kunajisiwa, hata ikabidi mashirika yaanze kugawa kuni. Mama aliyepatwa na hayo, au anayeyaogopa kila alfajiri, anaweza kumpakata mwanawe na asimwone. Mtoto huachiwa dadake wa miaka 7, naye pia ni mtoto anayehitaji wa kumwangalia.

Mkono mmoja haulei mwana, na vita huikata mikono mingine yote akabaki mama na mmoja. Mkono uliokatwa hauingii guniani.

ADHANA KABLA YA TENDE

Sisi Waislamu hatuhitaji kufundishwa kuwa mtoto mchanga hula kwa masikio pia. Anapozaliwa, desturi yetu ni kumwadhinia katika sikio la kulia na kumkimia katika la kushoto, kisha ndipo apakwe utamu wa tende kinywani. Yaani kiumbe huyu, ambaye hajui kulia wala kushoto, zawadi yake ya mwanzo duniani ni maneno.

Tazama vile vile zakatulfitri. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu, baba humtolea pishi hata mtoto aliyezaliwa kabla ya jua la siku ya mwisho ya Ramadhani kuchwa. Mtoto wa saa moja huhesabiwa mtu kamili katika kutoa. Basi vipi asihesabiwe mtu kamili katika kupewa?

Na tukisoma sira, twaona kwamba Waislamu wa mwanzo kukimbia dhuluma walikwenda Habash, kiasi cha mwaka 615, wakapokewa na mfalme Najashi. Huko ugenini Bi Asmaa binti Umays, mkewe Jaafar bin Abi Talib, alimzaa mwanawe Abdullahi. Uislamu ulikuwa na watoto wa ukimbizini hata kabla haujawa na mji wake wa Madina.

USHAHIDI WA WATAALAMU

Kwa yule asiyetosheka na mila na sira, wataalamu wana ushahidi wao. Katika miaka ya 1980, huko Kingston, Jamaica, Bi Sally Grantham-McGregor na wenziwe waliwachukua watoto 129 waliodumaa kwa lishe mbaya, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walipewa maziwa ya kuongezea chakula. Wengine kila wiki, kwa muda wa miaka miwili, walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaani, aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa vya nyumbani. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote. Baada ya miaka 20 hivi waliwatafuta tena. Wale waliochezeshwa walikuwa wakipata mshahara uliozidi wa wenzao kwa kama robo nzima. Maziwa peke yake hayakuacha alama kama hiyo.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 1999 wa kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, liliweka hatua 10. Hatua ya 9 ni kumchangamsha mtoto kwa mchezo na kumpa upendo. Hili ni agizo la matabibu, linalokaa katika orodha moja na sukari, maji na dawa ya vijidudu. Mwaka 2018 shirika hilo, pamoja na UNICEF na Benki ya Dunia, lilitangaza mambo matano ambayo kila mtoto mdogo anayahitaji kwa pamoja: afya, lishe, usalama, mlezi anayemjibu, na nafasi ya kujifunza. Katika hayo matano, gunia laweza kubeba moja tu.

Na wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliendesha mjini London nyumba za kulelea watoto waliokumbwa na mabomu ya Wajerumani. Waliyoyaona huko yaliwastaajabisha. Watoto waliokaa na mama zao chini ya mabomu walistahimili kuliko walivyodhania, ilhali wale waliotenganishwa na mama zao ili wawe salama mashambani ndio walioumia zaidi. Hilo latufunza kuwa tusikimbilie kumjengea mtoto wa vita nyumba ya mayatima na kumtoa kwa jamaa yake. Sheria yetu imempa mama haki ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo, na mama akikosekana humfuatia nyanya wa kuukeni. Shilingi itakayomwezesha nyanya huyo kumlea mjukuu wake ndani ya hema lao ina kazi kubwa kuliko ile inayopiga chokaa ukuta wa bweni.

MAZIWA YA KOPO

Hapa nina neno kwa wafadhili wa mitaani petu. Nimeketi katika vikao vingi vya kuchanga, na kila inapotajwa kuwa kuna watoto wachanga, jambo la kwanza kuletwa ni maziwa ya kopo na chupa. Nia ni njema kabisa. Lakini kambini maji ni machafu na kuni ni haba, chupa haichemshwi, na mama aliyekwisha kutia wasiwasi huamini kuwa maziwa ya dukani ni bora kuliko yake. Akiacha kunyonyesha, ziwa hukauka. Kopo likiisha hana pa kurudi, na kuharisha kumekwisha kuingia. Ndiyo sababu wenye ujuzi wa kazi hii hukataza kopo kugawiwa ovyo, na huliacha kwa yule mtoto ambaye kweli hana njia nyingine.

Mama anayenyonyesha ndiye wa kulishwa, kupewa kivuli na kutulizwa, naye atamlisha mwanawe. Na kwa mtoto aliyefiwa na mama, njia ya kale bado ipo kwa ushauri wa kliniki: mama mwingine mwenye afya amnyonyeshe. Sisi ndio wa mwisho wa kuionea haya njia hiyo. Mtume wetu (S.A.W.), aliyezaliwa hali babake amekwisha kufa, alinyonyeshwa na Bi Halima wa Bani Saad, akakaa naye jangwani miaka ya mwanzo ya utoto wake. Sheria ikamfanya mama wa ziwa kuwa jamaa wa kweli, na watoto wake kuwa ndugu wasioweza kuoana na mnyonyaji. Vita vikimpunguzia mtoto jamaa, ziwa la jirani laweza kumwongezea wengine.

WALIMU WAMO KAMBINI

Atatokea wa kusema, haya ni mazuri lakini yataka fedha na wataalamu, na kambini hakuna. Namjibu kwa mfano wa nyumbani. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani waliona watoto wao wanaingia shule za msingi wakiwa nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanzishwa Mombasa mpango wa shule za chekechea zilizofungamana na madrasa. Walimu walikuwa ni akina mama na wasichana wa mitaa hiyo hiyo, waliofundishwa kazi. Vitu vya kuchezea vilikuwa vifuu vya nazi, vifuniko vya chupa, mbegu na vitambaa. Nyimbo na hadithi zilikuwa ni zetu, na Kurani ilikuwamo. Mpango huo ukafika Unguja 1990 na Uganda 1993. Wataalamu walitoka barazani na jikoni, na hakuna aliyengojwa atoke Ulaya.

Huko Bangladesh nako, zaidi ya Warohingya 700,000 walipokimbia Myanmar tangu Agosti 2017, shirika la BRAC liliwafungulia watoto wao vyumba vya kuchezea ndani ya kambi. Waliowachezesha ni wasichana na akina mama wa Kirohingya wenyewe. Tungo za watoto zilikuwa za Kirohingya, na hata mapambo ya kutani yalikuwa ya kwao. Mtoto aliyeingia mle alisikia lugha aliyoizoea tangu tumboni.

Lugha ina uzito wake, na wa pwani tuelewe zaidi. Mtoto wa Barawa aliyehamishiwa Kakuma atafundishwa shuleni kwa Kiingereza na Kiswahili, kama mtaala wa Kenya utakavyo. Hilo ni sawa akifika miaka 6. Lakini akiwa na miaka miwili anahitaji kubembelezwa kwa Chimwini, lugha ambayo Dada Masiti alitungia tenzi za dini na wanawake wa Barawa wakazihifadhi vifuani. Nyanya wa Kibarawa asiyejua kusoma hati ya mgao anajua tenzi hizo. Mwiteni, mpeni mkeka, kivuli na posho ndogo, na mumwachie watoto kumi asubuhi moja. Hapo mmefungua shule, na mmempa jembe mgeni mtu mzima kama methali ilivyotaka.

ZAKA NA KIVULI

Kwa hivyo, kamati za misikiti na vyama vyetu vya kina mama vikikusanya misaada kwa waliokimbia, iwe ni Dadaab au ni hapa Lamu, napendekeza mambo ya karibu yasiyo na gharama kubwa. Pale mgao unapotolewa pawe na turubai la wenye watoto, wakae, wanywe maji, wanyonyeshe, na wasipange foleni juani. Pawe na wanawake wawili watatu wa kuwaangalia wadogo wakati mama zao wako kwenye maji na kuni. Pawe na kapu la vya kuchezea: mipira ya matambara, wanasesere wa vitambaa, vifuu, gari la makopo. Aliyejifungua atembelewe siku arobaini zake, akandwe na azungumzishwe. Wakubwa kidogo wapewe uwanja wa kucheza kibe, mdako na ukuti, kwani mtoto anayecheza ameanza kuamini kuwa kesho ipo.

Fedha zake zatoka wapi? Sura ya At-Tawba imewataja watu wa aina nane wanaostahiki zaka, na miongoni mwao wamo mafukara, masikini na msafiri aliyeharibikiwa njiani. Mama mkimbizi anayepewa posho ya kulea watoto wa wenziwe huenda ni hao wote watatu kwa pamoja. Mimi si mwanachuoni, na fatwa ni ya masheikh wetu. Nawaomba walitazame jambo hili na watupe uongozi wao mimbarini kabla ya Ramadhani, wakati mifuko inapofunguka.

Mtoto wa miaka miwili hangoji. Barabara ikichelewa mwaka mmoja yaweza kujengwa mwakani, na shule ikikosa paa yaweza kuezekwa baadaye. Lakini mwaka wa kwanza wa mtoto ukipita bila ya mtu kumtazama usoni na kumjibu, mwaka huo haurudi, na kazi ya kuufidia huwa ngumu mara nyingi. Tukipakia gunia la unga, basi na tumpakie pia nyanya wa kukaa nalo.